Denis Burkitt: Tabibu mwenye jicho moja aliyeisaka saratani kwa ramani

Ras Kitau ni ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, ng'ambo ya mkondo wa Lamu. Ardhi yake iko karibu sawa na bahari, baridi haishuki chini ya nyuzi 16, na mvua ya mwaka hupita milimita 500. Kwa msafiri, hiyo ni hali ya hewa tu. Kwa Denis Parsons Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, mambo hayo matatu yalikuwa masharti ya ugonjwa. Ramani aliyoichora mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliuonyesha ukanda mpana uliokata katikati ya Afrika na kuteremka na pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Ndani ya ukanda huo watoto walipatwa na uvimbe wa taya uliowaua kwa muda wa miezi michache. Nje yake, juu milimani na kwenye nyanda kavu, uvimbe huo ulikuwa nadra.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kuwanasa ndege wadogo wenye kifua chekundu, kuwavisha pete za chuma miguuni na kuchora mipaka ya eneo la kila ndege. Kazi hiyo imeingia katika historia ya elimu ya ndege, na si ajabu kwamba mwana naye alikuja kutafuta majibu katika ramani. Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe na kupoteza jicho moja. Alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, asomee uhandisi, kisha akahamia utabibu na kuhitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye akafuzu upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita Kuu ya Pili ikamfungulia mlango mwingine: jeshi lilimpokea, na kwa njia hiyo akaifahamu Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alirejea Afrika Mashariki, safari hii akiwa mtumishi wa serikali nchini Uganda. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, na huko tabia ya baba ilijitokeza. Aligundua kwamba busha lilikuwa jambo la kawaida upande mmoja wa wilaya na haba upande mwingine, akaandika makala kuhusu tofauti hiyo. Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mvulana wa miaka mitano. Taya zote mbili za mtoto huyo, juu na chini, kulia na kushoto, zilikuwa zimevimba, na meno yamelegea. Burkitt hakuwa na la kumfanyia. Wiki chache baadaye alikwenda hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye sura ile ile na uvimbe tumboni. Kuanzia hapo alipekua kumbukumbu za Mulago na kubaini kwamba watoto waliovimba taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini au ovari. Madaktari waliotangulia walikuwa wameona kila uvimbe peke yake na kuupa jina lake. Yeye alidai kuwa ni ugonjwa mmoja, na mwaka 1958 akachapisha hoja hiyo katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Makala hiyo haikuwashtua wengi. Iliyowashtua ni ramani. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa na kuvituma hospitali mbalimbali barani. Majibu yalipokuja, alibandika pini ukutani. Kisha, Oktoba 1961, alipanda gari lililokwisha kutumika pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, wakasafiri kwa majuma kumi na kupita maili 10,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Waliona kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa kiasi cha futi 5,000, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulizidi kushuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, ndiye aliyemwonyesha kwamba mwinuko ulikuwa kivuli tu cha joto. Penye joto na mvua pana mbu.

Visiwa vya Unguja na Pemba, ambavyo vina joto na mvua ya kutosha, vilionekana kuivunja kanuni hiyo kwa kuwa na wagonjwa wachache mno. Jibu lilipatikana katika malaria, iliyokuwa imedhibitiwa visiwani humo. Mtafiti Gilbert Dalldorf, aliyechunguza takwimu za Kenya, naye aliielekea malaria. Burkitt alikuwa amedhani kwamba mbu huambukiza saratani yenyewe. Ilibainika baadaye kuwa malaria ya mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto, na virusi vya aina nyingine hupata nafasi.

Virusi hivyo vilipatikana kwa sababu ya mhadhara mmoja. Machi 1961 Burkitt alizungumza London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi vinavyojulikana leo kwa majina ya Epstein na Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwa mama aliyempakata mtoto mgonjwa, hata hivyo, virusi na ramani havikuwa na faida. Alihitaji tiba. Upasuaji haukufaa, kwa maana uvimbe ulikuwa umeenea, na Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Zilibaki dawa. Wakati ule imani ya matabibu katika dawa za saratani ilikuwa ndogo. Lukemia sugu ya mailoidi, kwa mfano, ilikuwa ikitibiwa kwa busulfani tangu mwaka 1953. Dawa hiyo ilipunguza chembe nyeupe za damu na kumpa mgonjwa nafuu, lakini ugonjwa haukung'oka. Mtaalamu wa Marekani Joseph Burchenal alipowaletea madaktari wa Afrika Mashariki methotreksati, Peter Clifford aliijaribu Nairobi pamoja na Herbert Oettgen, na Burkitt akafanya hivyo Kampala. Baadaye alitumia saiklofosfamidi, kisha vinkristini, dawa itokanayo na ua la Madagaska la rangi ya waridi au nyeupe ambalo wakazi wa pwani hulipanda kama pambo.

Matokeo yalishangaza. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Watoto wengine walipewa dozi moja au mbili tu, wakachukuliwa nyumbani na wazazi wao, na miaka baadaye wakaonekana wazima. Mwaka 1967 Burkitt alichapisha taarifa yao. Dozi hizo zilikuwa chache kuliko vile daktari wa Ulaya angethubutu kutoa, na ni haki kusema kwamba uhaba, sio hekima pekee, ndio uliozipima. Wengi wengine walifariki. Lakini ilikuwa imethibitika kwamba saratani ya jamii hiyo huweza kupona kwa dawa peke yake. Mwaka huo huo Mulago ilipata kituo maalumu chini ya John Ziegler, chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny alikishika.

Ugonjwa huo una udugu na lukemia sugu ya mailoidi kuliko Burkitt alivyoweza kujua. Katika lukemia hiyo, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, jambo alilolionyesha Janet Rowley mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye ilidhihirika kwamba katika uvimbe wa Burkitt ni ya 8 na ya 14. Kwa lukemia, ugunduzi huo ulizaa imatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2001. Uvimbe wa Burkitt ungali ukitibiwa kwa dawa za ukoo ule ule wa miaka ya 1960. Katika nchi tajiri mtoto hupona mara tisa katika kumi. Katika Afrika hesabu hiyo iko chini sana, kwa sababu watoto hufika wamechelewa au huacha matibabu njiani. Mzazi wa Manda huvuka bahari kwa mashua kwanza, ndipo aianze barabara ndefu ya kutoka Mokowe hadi Mombasa.

Mwaka 1972 Burkitt alipewa Tuzo ya Lasker pamoja na wenzake wengi, wakiwemo Burchenal, Ziegler na Anomah Ngu wa Kamerun. Jina la ugonjwa limebaki lake peke yake, ingawa mwanapatholojia Gregory O'Conor wa Mulago ndiye aliyetambua kwamba ni limfoma. Burkitt alikuwa ameondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza umaarufu wake wa pili ulitokana na chakula. Alihubiri faida za nyuzinyuzi, akilinganisha magonjwa ya tumbo ya Wazungu na afya ya wanavijiji wa Afrika waliokula nafaka zisizokobolewa. Baadhi ya hoja hizo zimepingwa na nyingine zimesimama. Mkristo mcha Mungu na baba wa mabinti watatu, alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82.