Al-Idrisi na Chuma cha Mombasa

Abu Abdillahi Muhammad bin Muhammad al-Idrisi alizaliwa yapata mwaka 1100 katika mji wa Sabta, bandari ya kaskazini mwa Morocco ambayo siku hizi huitwa Ceuta. Nasaba yake ilikuwa ya watawala. Wahenga wake wa ukoo wa Hammud waliwahi kutawala Malaga kabla ya kuangushwa, na kupitia kwao nasabu ilipanda hadi kwa Idris, mwanzilishi wa dola ya kwanza ya Kiislamu ya Morocco. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakurithi kiti wala ngome. Alichorithi ni elimu. Aghalabu husimuliwa kuwa alisomea Cordoba, na kwamba angali kijana alikwisha kuzuru Andalusia, Afrika ya Kaskazini na Asia Ndogo.

Pwani ya Afrika Mashariki hakuizuru kamwe. Jambo hili yafaa lisemwe mapema, kwa sababu watajaji wengi wa jina lake hulipita kimya. Mtu huyu, ambaye ni miongoni mwa waandishi wa kwanza kabisa kuitaja Mombasa kwa jina, hakupata kuona mnazi wake hata mmoja. Pamoja na hayo, aliyoyaandika kuhusu mji huu ni mazito: kwamba wakazi wake walikuwa wachimbaji wa chuma.

Ilikuwaje? Takriban mwaka 1138 al-Idrisi aliitikia wito wa Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, akaenda kukaa Palermo. Roger alikuwa Mnormani na Mkristo, lakini dola yake ilikaliwa na Waarabu, Wayunani na Walatini, na diwani zake ziliandikwa kwa lugha zaidi ya moja. Mfalme alitaka kujua dunia ilivyo, wala hakuridhika na vitabu vya kale peke yake. Basi wasafiri na wafanyabiashara waliitwa na kuhojiwa, mmoja baada ya mwingine. Pale kauli zao zilipoafikiana, habari ilikubaliwa. Zilipohitilafiana, iliwekwa kando. Kazi hiyo iliendelea kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi. Ni utaratibu ambao mtafiti wa fasihi simulizi wa leo hawezi kuudharau, ingawa una udhaifu wake: wasimulizi kumi waliosikia uvumi mmoja nao huafikiana.

Matokeo yake yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa sahani kubwa ya fedha ambayo juu yake ilichorwa ramani ya dunia, na uzito wake ulitajwa kuwa ratili 400 za Kirumi. La pili ni kitabu, Nuzhat al-Mushtaq, kilichokamilika mwezi wa Januari mwaka 1154, chenye ramani 70 zilizochorwa kusini ikiwa juu. Roger alifariki wiki chache baadaye.

Katika kitabu hicho, Malindi inaelezwa kuwa mji mkubwa wa ufukweni ambao wenyeji wake humiliki machimbo ya chuma, na chuma ndicho bidhaa yao kuu. Mombasa inaelezwa kuwa mji mdogo zaidi, makao ya mfalme wa Zanj, ambao watu wake nao huchimba chuma na kuwinda chui kwa mbwa wekundu. Kusini zaidi, huko Sofala, chuma kilinunuliwa na wageni na kupelekwa Bara Hindi, kwa mafundi waliosifika kwa kufua panga bora.

Wanahistoria wamezipokea habari hizi kwa mashaka, na si bila sababu. Baadhi yao wanahoji iwapo Malindi ya al-Idrisi ndiyo Malindi tuijuayo. Wengine wamesema kuwa mchanga na matumbawe ya pwani si mahali pa kutafuta milima ya madini. Lakini nyuma ya mashaka hayo umejificha wakati mwingine mtazamo wa tangu ukoloni, kwamba Mswahili alikuwa dalali tu, mpokeaji wa pembe kutoka bara na mpokeaji wa shanga kutoka ng'ambo, asiyezalisha kitu kwa mikono yake. Mistari michache ya al-Idrisi inapingana na mtazamo huo moja kwa moja. Hapo ndipo uzito wake ulipo.

Ili kuipima kauli yake, sharti ieleweke jinsi chuma kilivyopatikana katika zama hizo. Chuma safi huyeyuka katika nyuzi 1,538 za Selsiasi. Tanuru la udongo lenye makaa ya mti na mivukuto halikufika huko. Joto la nyuzi 1,200 hivi lilitosha kwa kazi mbili: hewa ya makaa iliiondoa oksijeni katika mawe au mchanga wa madini, na takataka ziliyeyuka zikatiririka na kuganda kuwa kile ambacho Waswahili hukiita mavi ya chuma. Chuma chenyewe hakikuyeyuka. Kilibaki chembechembe zilizoshikamana kama sifongo, nyeusi na zenye matundu. Mhunzi alikitia motoni tena, akakiweka juu ya fuawe na kukipiga nyundo mpaka chembe zikaungana zikawa kipande kimoja.

Kanuni hiyo haijafa. Wahandisi wa leo wanaotengeneza vyuma kutokana na unga wa metali huufuata mkondo uo huo: unga hushindiliwa ndani ya kalibu, kisha huokwa bila kuyeyushwa, kwa chuma aghalabu katika nyuzi karibu 1,120, hadi chembe zishikamane. Gia nyingi za magari hutengenezwa hivyo. Wanaoandika historia ya taaluma hiyo huianza kwa chuma sifongo cha kale, na hupenda kuitaja nguzo ya chuma ya Delhi, yenye uzito wa zaidi ya tani 6, iliyofuliwa yapata miaka 1,600 iliyopita kwa kuunganisha vipande vya chuma ambacho hakikupata kuyeyuka. Mhunzi wa Kiswahili hutajwa kwa nadra, ilhali kazi yake ilikuwa ya aina ileile.

Je, madini aliyatoa wapi? Hapa hoja ya mchanga inageuka. Mchanga wa pwani ya Kenya si mtupu; mahali pengine una chembe nzito nyeusi zenye chuma, ambazo maji huzitenga zenyewe. Huko Kwale, kusini mwa Mombasa, mchanga wa namna hiyo ulichimbwa kwa mashine kubwa tangu mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024 kwa ajili ya titani. Kwa hiyo msafiri aliyemwambia al-Idrisi kuwa watu wa Mombasa huchimba chuma huenda hakuwa amekusudia mashimo marefu ardhini.

Ushahidi wa ardhini ulikusanywa na mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba, aliyeufanyia uhunzi wa pwani utafiti wa shahada yake ya uzamifu, akachunguza mabaki kutoka Ungwana, Mtwapa na Galu. Mwaka 1994 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuvikagua vipande hivyo kwa darubini za maabara. Ilionekana kuwa chuma cha tanuru kilifuliwa pwani hii hii, na kwamba Galu kulikuwa na pua iliyoyeyushwa chunguni, aina ambayo kwa kawaida huhusishwa na Bara Hindi. Kuwapo kwa pua hiyo peke yake hakuthibitishi kwamba ilitengenezwa Galu, maana vitu husafiri. Ila mavi ya chuma hayasafiri. Hakuna mfanyabiashara anayepakia takataka jahazini.

Lugha nayo ina lake la kusema. Kiswahili kina chuma, pua na feleji, na hakivichanganyi. Kitenzi kufua ni cha Kibantu, chenye ndugu zake katika lugha nyingi za bara. Jamii iliyopokea ufundi wote kutoka ng'ambo ingetarajiwa kupokea pia neno la kuutaja.

Al-Idrisi mwenyewe angelipenda jambo hili, kwani alikuwa mkusanyaji wa maneno. Miongoni mwa kazi zake ni kitabu cha dawa ambamo majina ya mimea yamepangwa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kiyunani, Kiajemi na Kiberiberi. Baada ya Roger aliendelea kumtumikia mwanawe, William wa Kwanza. Inasemekana sahani ya fedha iliporwa katika machafuko ya Palermo ya miaka ya 1160, na haijaonekana tena. Mwandishi wake alifariki yapata mwaka 1165; mahali pa kifo chake panabishaniwa baina ya Sicily na Sabta.

Kitabu kilikuwa na bahati tofauti. Muhtasari wake wa Kiarabu ulipigwa chapa Roma mwaka 1592 bila jina la mtunzi, na tafsiri ya Kilatini iliyotoka Paris mwaka 1619 ilimdhania kuwa Mnubi. Toleo kamili la Kiarabu lilichapishwa Italia kuanzia mwaka 1970. Katika mwongo huohuo Hamo Sassoon, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus karibu na Makadara, alichimba katika uwanja wa hospitali kuu ya Mombasa, kaskazini mwa Mji wa Kale, akafikia matabaka ya mji uliokaliwa tangu karne ya 11 hivi: mji uliokuwa na watu tayari wakati wasafiri walipokuwa wakihojiwa Palermo.