Mohammed Rafi: sauti iliyokaa katika vinywa vya wengine

Mimi si mtu wa sinema. Picha naitazama nikiwa nimejinyoosha kitini, mara nyingine nasinzia katikati, na nikiamka sijui tena nani kamwoa nani. Lakini tangu nije kukaa hapa Kisumu kwa binti yangu, kila Jumapili baada ya Isha huwekwa picha ya Kihindi ya zamani, nami huwa namngojea mtu mmoja ambaye hata uso wake hauonekani.

Mtu huyo ni marehemu Mohammed Rafi. Alizaliwa tarehe 24 Disemba 1924 katika kijiji cha Kotla Sultan Singh, huko Punjab, jimbo walikotoka wengi katika wale walioijenga reli iliyofika hapa Kisumu mwaka 1901. Yasimuliwa kwamba utotoni alikuwa akimfuata fakiri mmoja aliyepita kijijini akiimba, akimwigiza mpaka sauti ikamkaa. Baba yake alihamia Lahore akafungua duka la kinyozi, na huko Rafi akajifunza kuimba kwa mabingwa. Alipata miaka 13 alipopanda jukwaani mara ya kwanza, na mwaka 1944 akaenda Bombay kutafuta riziki.

Picha iliyompa jina ni Baiju Bawra ya mwaka 1952. Tuliitazama juzi. Kisa chenyewe ni cha kijana atakaye kumshinda Tansen, mwimbaji wa Mfalme Akbar. Mwisho wake haukunipendeza. Wapenzi wote wawili wafa maji katika mto Yamuna uliofurika, na wajukuu zangu, watoto wa kando ya ziwa, wakauliza mbona hakuwako hata mvuvi mmoja wa kuwatupia kamba. Sikuwa na jawabu.

Lakini nyimbo zake! Humo mna wimbo wa ibada ya Kibaniani ambao maneno yake yalitungwa na Shakeel Badayuni, muziki ukatiwa na Naushad, na mwimbaji ni Rafi. Wote watatu Waislamu. Najua wako watakaokunja uso. Mimi mwenyewe sikujua niseme nini, ila sikuondoka kitini mpaka ulipokwisha.

Akimwimbia Dilip Kumar sauti huwa ya huzuni. Akimwimbia Shammi Kapoor hurukaruka. Akimwimbia Johnny Walker yule mchekeshaji, yajaa mzaha. Mwigizaji afumbua mdomo tu, na sifa zote ni zake. Kwetu pwani twaimba mahadhi hayo hata sisi tusiojua neno la Kihindi, maana Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliyavika maneno ya Kiswahili mengi katika mahadhi ya picha za Kihindi.

Jambo moja simuungi mkono. Miaka ya 1960 Lata Mangeshkar alidai waimbaji wapate fungu katika mauzo ya sahani za santuri. Rafi akasema mwimbaji akishalipwa, haki yake imekwisha. Wakakaa miaka kadhaa bila ya kuimba pamoja. Huo ulikuwa ukarimu, lakini wa mtu aliyekwisha shiba. Sisi watunzi ambao mashairi yetu huimbwa maarusini na hatupati hata kikombe cha kahawa, tuko upande wa Lata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kuhiji. Yasemekana kwamba baada ya hapo watu wa dini walimwambia haimpasi tena kuimba, naye akanyamaza, mpaka Naushad akamsihi arudi. Hapa ndipo usingizi huniruka. Nilipokuwa kijana wa miaka 15, mwalimu wangu wa chuoni, mtu niliyempenda mno, aliniambia sauti ya kuadhinia haichanganywi na ya ngoma. Nilitii, nikashika kalamu. Rafi alirudi, akakuta Kishore Kumar amekalia kiti chake, akaanza tena kama mtu mgeni, na mwaka 1977 akapewa tuzo ya taifa. Mpaka leo sijui ni yupi kati yetu aliyeshika njia. Mwalimu wangu alikuwa mjuzi kuliko mimi, na hilo silikani.

Alifariki tarehe 31 Julai 1980, Alhamisi, katika mwezi wa Ramadhani, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka 55, umri wangu mimi sasa. Mvua kubwa ilinyesha siku ya mazishi yake, na maelfu ya watu, Waislamu na wasio Waislamu, walilifuata jeneza hadi makaburini Juhu. Mwaka 2010 kaburi lake lilivunjwa kuwapisha maiti wapya. Wapenzi wake waendao kumwombea wakawa wakipatambua mahali pale kwa mnazi ulio karibu.