Denis Papin, mtu aliyeipa sufuria ya presha mahali pa kupumulia

LIKASI – Tangu mwaka wa 1930, maji ya mto Lufira yanayokusanyika katika ziwa Tshangalele yanashuka Mwadingusha na kuzungusha mashine za umeme. Umeme wa Katanga ndio leo unaopikia maharagi katika nyumba nyingi za mji wetu, pale ambapo sufuria ya presha ya umeme imewekwa kando ya mbabula. Wengi wanaipenda kwa sababu inapunguza mifuko ya makala. Wengi pia wanaiogopa: inalia, inatoa mvuke, inakataa kufunguka, mara nyingine inazimika bila sababu kuonekana.

Mtu wa kwanza aliyefunga chakula na mvuke ndani ya chombo kimoja aliishi zaidi ya miaka 300 iliyopita. Jina lake ni Denis Papin. Anayejua maisha yake ataielewa sufuria yake, na atajua kwa nini tundu dogo la juu ya kifuniko ndilo la kuoshwa kabla ya kitu kingine chochote.

Papin alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka wa 1647 huko Chitenay, kijiji kilicho karibu na mji wa Blois, Ufaransa. Jamaa yake ilikuwa ya Waprotestanti. Alisomea udaktari katika mji wa Angers na kupata shahada mwaka wa 1669, lakini kazi ya kutibu wagonjwa haikumshika. Alihamia Paris, akawa msaidizi wa mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens. Huko walichunguza hewa, nguvu ya baruti na pampu za kutoa hewa ndani ya vyombo. Huko pia alifahamiana na Mjerumani Leibniz, ambaye aliendelea kuandikiana naye barua kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1675 Papin alivuka bahari kwenda London. Alifanya kazi na Robert Boyle, mwanasayansi aliyekuwa akichunguza hewa inavyobanwa na kuachiliwa. Ni katika kazi hiyo ndipo alipopata wazo lake kubwa. Mwezi wa 5 mwaka wa 1679 aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society chombo kipya: mtungi wa chuma wenye kuta nene, na kifuniko kilichokazwa kwa skrubu ili mvuke usitoke.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Ndani ya sufuria ya kawaida, maji yakichemka hayapandi joto tena, hata ukiongeza moto. Pwani ya bahari yanachemka kwenye digri 100. Hapa Likasi tuko juu, karibu mita 1300, hewa ni nyepesi zaidi na maji yanachemka kwenye digri 96 hivi. Ndiyo maana maharagi yanachelewa kuiva kwetu kuliko kwa watu wa Matadi. Mvuke ukifungiwa, unayakandamiza maji, nayo yanapita digri 100 kabla ya kuchemka. Katika sufuria za umeme za leo joto hufika kati ya digri 110 na 120. Chakula kinaiva haraka, na moto unaotumika ni kidogo.

Papin alikuwa na shabaha: kuwafaa watu wa kipato kidogo. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1681 alieleza jinsi nyama ngumu ya ng'ombe mzee inavyolainika, na jinsi mifupa iliyokuwa ikitupwa inavyotoa mchuzi mzito. Alipima pia makaa ya mawe yaliyotumika kila mara. Tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka wa 1682 aliwapikia wenzake wa Royal Society chakula cha jioni. Mmoja wao, John Evelyn, aliandika katika daftari lake kwamba mifupa ya ng'ombe na kondoo ilikuwa laini kama jibini, na kwamba makaa yaliyotumika hayakufika gramu 250. Mama wa Likasi anayehesabu bei ya mfuko wa makala angeielewa furaha ya usiku ule.

Lakini chombo kilichofungwa kabisa ni bomu. Mvuke ukizidi na kukosa njia, chuma kinapasuka. Papin aliweka dawa ya hatari hiyo juu ya kifuniko: mrija mdogo uliozibwa, na juu yake fimbo yenye uzito. Nguvu ya mvuke ikizidi ule uzito, inauinua, mvuke unatoka, halafu uzito unarudi mahali pake. Hicho ndicho kipumulio cha usalama, au valvu. Kimewaokoa watu wengi jikoni na viwandani, na kila sufuria ya presha ya leo inacho.

Kwa hiyo anayeweka kitambaa au jiwe juu ya kipumulio ili mvuke usipotee anaondoa kile kitu alichobuni Papin ili mpishi asiungue. Asiyekiosha anafanya vilevile polepole. Povu la maharagi na nyuzi za sombe hupanda na mvuke, zikakauka ndani ya tundu. Baada ya kila mapishi, sufuria ikiisha kupoa na waya ukiwa umetolewa kwenye priza, ng'oa kipumulio, kioshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha angalia tundu ukiwa umelielekeza kwenye mwanga. Ukiuona mwanga, njia iko wazi. Ukikosa kuuona, tumia kijiti chembamba au brashi ndogo. Ukipika maharagi, usijaze kupita nusu ya sufuria.

Karibu na kipumulio kuna kipini kidogo kinachopanda presha ikijaa na kushuka ikiisha. Kikiwa juu, kifuniko hakifunguki, na usikilazimishe kwa nguvu. Subiri kishuke chenyewe. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, fanya hivyohivyo: toa waya kwenye priza, acha kifuniko kimefungwa, kwa maana presha bado iko ndani. Umeme ukirudi, ungoje utulie kwanza. Ukichelewa sana, mimina chakula kwenye sufuria ya kawaida na ukimalizie kwenye mbabula. Kisilale ndani kikiwa vuguvugu.

Ikiwa mvuke unatoka pembeni na kipini hakipandi, tatizo mara nyingi ni mpira wa kifuniko. Pengine haukukaa vizuri, pengine umepasuka au una punje ya chakula. Utoe, uoshe, uukaushe, uurudishe sawasawa. Ukiwa umelegea au umechanika, nunua mwingine wa kipimo kilekile. Mpira unaonuka makayabu ya juzi, uloweke ndani ya maji yenye siki au ndimu. Ikiwa mpira ni mzima, angalia kama kipumulio kimegeuzwa upande wa kufunga na kama maji yanatosha, kwa maana bila maji hakuna mvuke.

Papin alikuwa na shida nyingine: angejuaje joto la ndani na kifuniko kimefungwa? Alitia tone la maji juu ya kifuniko na kuhesabu, kwa kitu kilichoning'inia na kuyumba, muda wa tone kukauka. Leo kazi hiyo inafanywa na kitufe cha chuma kilicho katikati ya sahani ya joto, chini ya sufuria ya ndani. Kitufe kikiwa na uchafu, kinadanganywa. Ndiyo sababu sufuria inaweza kuzimika mapema au kuonyesha alama ya kuungua. Pangusa sahani hiyo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kausha sehemu ya chini ya sufuria ya ndani kabla ya kuirudisha. Alama ikirudi, angalia kama chakula kimeganda chini: toa presha, fungua, kwangua kwa mwiko wa mti, ongeza maji. Mwili wa mashine wenyewe usiutumbukize ndani ya maji hata siku moja, na usimwage maji mahali pa waya. Mashine ikikata umeme wa nyumba au ikinuka plastiki inayoungua, iache. Hiyo ni kazi ya fundi.

Sufuria haikumletea Papin utajiri. Alikwenda Venezia, akarudi London mwaka wa 1684 kufanya majaribio ya Royal Society kwa pauni 30 kwa mwaka. Mwaka wa 1685 mfalme Louis wa 14 aliwanyima Waprotestanti haki zao, na mlango wa kurudi Ufaransa ukafungwa. Papin akawa mkimbizi. Alipata kazi ya kufundisha hesabu huko Marburg, Ujerumani, kisha akahamia Kassel. Mwaka wa 1690 aliandika wazo jingine lililotokana na sufuria: kama mvuke unaweza kuinua kifuniko, unaweza pia kusukuma pistoni na kufanya kazi. Wazo hilo lilitangulia mashine za mvuke zilizokuja kubadilisha viwanda na kuvuta treni.

Mwaka wa 1707 aliondoka Kassel na jamaa yake kwa mashua yenye magurudumu ya kupigia maji, iliyozungushwa kwa nguvu za watu. Alitaka kuifikisha London, na siku moja kuitilia mvuke. Alipofika Münden, chama cha wenye mashua wa mto hawakutaka apite. Waliikamata mashua na kuivunja. Papin alifika London bila mashua, na Boyle alikuwa amekwisha kufa. Alipeleka mapendekezo yake kwa Royal Society, lakini hakupata pesa za kuyatekeleza. Barua yake ya mwisho inayojulikana, ya mwezi wa 1 mwaka wa 1712, inaonyesha mtu aliyekuwa katika umaskini. Alizikwa London mwaka wa 1713. Mji wa Blois ulikuja kumsimamishia sanamu ya shaba mwaka wa 1880.

Mwaka wa 1991 Mchina Yong-Guang Wang alisajili uvumbuzi wa sufuria ya presha ya umeme, ile inayojipima na kujizima yenyewe. Hata hivyo kifuniko chake bado kina tundu la Papin. Leo jioni, kabla ya kuchomeka waya, toa kipumulio na uangalie kama mwanga unapita.