Habari za John Akii-Bua, Mkimbiaji wa Uganda

Vijana wetu wa Nachingwea na Ruangwa hupenda kushindana kwa mbio. Basi twaona vema wapate habari za mtu mmoja wa nchi jirani aliyewapita wenziwe wote wa dunia.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa na wake wengi, na watoto wake walizidi 40. Kijana huyu akaingia kazi ya polisi, na Mwingereza Malcolm Arnold akamfundisha mbio za meta 400 za kuruka viunzi. Mbio hizo ni ngumu mno, kwa maana mkimbiaji hutoa nguvu zake zote, na njiani hukuta viunzi 10. Akii-Bua alijizoeza huku amevaa koti lililotiwa vitu vizito. Mwaka 1970, huko Edinburgh, akawa wa nne tu.

Hata ilipofika tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, akapangwa katika njia ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji huichukia kwa kuwa kona zake zimebana. Naye akawapita wote, pamoja na David Hemery, aliyeshinda mwaka 1968, akamaliza kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna aliyepata kukimbia chini ya sekunde 48. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Uganda, naye akazidi kuuzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha.

Lakini siku zile Idi Amin ndiye aliyetawala. Alimpa nyumba na cheo, na huku askari wake wakiwaua Walango wengi, ndugu za mtu yule yule aliyeheshimiwa. Kwa maoni yetu heshima ile ilikuwa nzito kuliko lile koti.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilikataa kushindana Montreal, naye akakosa nafasi. Mwaka 1979, katika vita ambayo sisi Watanzania twaijua sana, alikimbilia Kenya pamoja na jamaa yake, akawekwa kambini mwa wakimbizi, mpaka watengenezaji wa viatu vya Puma wakamsaidia kufika Ujerumani. Mwaka 1983 akarudi kwao, akashika tena kazi ya polisi na kufundisha vijana.

Alifariki tarehe 20 Juni 1997, umri wake miaka 47, akazikwa kwa heshima za serikali. Uganda haikupata dhahabu nyingine ya Olimpiki mpaka mwaka 2012.