Kiichiro Toyoda, Mtengeneza Magari

Ndugu msomaji, siku moja simama kando ya barabara inayotoka Mtwara mjini kwenda Kilambo, kwenye kivuko cha mto Ruvuma. Tazama magari yanayopita. Litapita basi dogo la Hiace, limejaa abiria. Itapita Land Cruiser, imembeba mgonjwa kumpeleka hospitali. Litapita gari la wazi lenye magunia ya korosho, na watu wamekaa juu ya magunia. Sasa soma maandishi yaliyo nyuma ya magari hayo. Mengi yameandikwa neno moja lenye herufi sita: TOYOTA. Huenda hilo ndilo neno la kwanza ulilolisoma barabarani bila kusaidiwa na mwalimu.

Neno hilo limetokana na jina la ukoo. Katika ukoo huo alikuwapo mtu aliyeitwa Kiichiro Toyoda. Yeye ndiye aliyeanzisha kazi ya kutengeneza magari haya. Alifariki zamani, mwaka 1952. Haya ndiyo maisha yake.

Kiichiro alizaliwa tarehe 11 Juni, 1894, katika kijiji kimoja cha nchi ya Japani. Watu wa kijiji hicho walikuwa wakulima, na wanawake walifuma nguo nyumbani. Baba yake aliitwa Sakichi. Sakichi alikuwa mtoto wa seremala, naye alifundishwa useremala na baba yake. Lakini mawazo yake hayakuwa kwenye milango na viti. Alikuwa akimtazama mama yake akifuma kutwa nzima na kupata kitambaa kidogo tu. Akataka kumpunguzia kazi. Mwaka 1890 akatengeneza chombo cha mbao cha kufumia, ambacho mfumaji alikitumia kwa mkono mmoja badala ya miwili.

Kazi ya kubuni vyombo haikumletea Sakichi fedha upesi. Hakukaa nyumbani. Kutwa alikuwa na mbao zake na misumari yake. Mkewe Tami, mama yake Kiichiro, alichoka na maisha hayo. Akarudi kwao, mtoto akiwa bado mchanga. Kiichiro akalelewa na babu na bibi. Baadaye akaenda kukaa na baba yake na mama wa kambo katika mji wa Nagoya. Alikuwa mtoto mpole, hasemi sana.

Sakichi hakuacha kazi yake. Mwaka 1924 alikamilisha mashine ya kufuma iliyokuwa na akili ya pekee. Uzi mmoja ukikatika, mashine ilisimama yenyewe. Wewe unayesuka mikeka ya ukili utaelewa jambo hili. Ukikosea mahali pamoja usipaone, ukaendelea kusuka, mwisho utafumua mkeka wote. Mashine ya Sakichi haikungoja kosa dogo liwe kubwa. Kiichiro alisaidia katika kazi hiyo. Wakati huo alikuwa amemaliza masomo ya uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, mwaka 1920.

Sasa, mtu wa nyuzi na vitambaa aliingiaje katika magari? Tarehe 1 Septemba, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Tokyo. Nyumba zilianguka na moto ukawaka. Watu zaidi ya 100,000 walikufa. Reli ziliharibika na treni hazikwenda. Hapo ndipo Wajapani walipoona faida ya gari, maana gari halingoji reli. Serikali ya mji wa Tokyo iliagiza mamia ya magari ya Ford kutoka Marekani ili yafanywe mabasi. Baada ya hapo kampuni ya Ford ilifungua kiwanda Japani mwaka 1925. Kampuni nyingine ya Marekani, General Motors, ikafuata mwaka 1927. Vipande vililetwa kwa meli, vikaunganishwa huko Japani. Wajapani walinunua tu. Magari waliyotengeneza wao wenyewe yalikuwa machache sana.

Kiichiro alikuwa amekwisha safiri hadi Marekani na Uingereza, akaona viwanda vya huko. Mwaka 1929 alisafiri tena. Safari hii alikwenda kuuza haki ya kutengeneza ile mashine ya kufuma. Kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali. Mkataba ulitaja pauni 100,000. Fikiri jambo hilo, msomaji. Waingereza ndio waliokuwa mabingwa wa viwanda vya nguo duniani, nao sasa walinunua maarifa ya mtoto wa seremala wa kijijini!

Sakichi alifariki mwaka 1930. Inasimuliwa kwamba alimhimiza mwanawe atengeneze magari, kama yeye alivyotengeneza mashine za nguo.

Mwaka 1933 Kiichiro alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha ukoo cha mashine za kufuma. Watu wengi hawakuipenda shauri hiyo. Kiwanda kilikuwa kinapata faida, na magari yangekula fedha zote. Shemeji yake Risaburo, aliyekuwa mkubwa wa kampuni, naye alikuwa na wasiwasi. Ukweli ni kwamba wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Matajiri wakubwa kuliko wao walikuwa wameiogopa kazi hiyo.

Kiichiro na mafundi wake walinunua gari la Chevrolet kutoka Marekani. Wakalifungua lote, nati moja moja. Wakapima kila kipande na kukichora. Kisha wakajaribu kutengeneza injini kama ile. Kumbe kuchora ni rahisi, kutengeneza ni kazi. Mwili wa injini husubiwa kwa chuma kilichoyeyushwa, kinamiminwa ndani ya kalibu ya mchanga. Ndani yake lazima yabaki matundu na njia za maji. Walimimina chuma, kikapoa, wakavunja kalibu. Chuma kimepasuka. Wakamimina tena. Kina mashimo. Vyuma vibovu vikalundikana nje ya karakana. Walibadili mchanga, wakabadili mafuta ya kuchanganya na mchanga, wakabadili njia ya kumimina. Mwaka 1934 injini ya kwanza ikawaka.

Mwaka 1935 walitengeneza gari dogo la majaribio, na mwaka huohuo wakatoa lori la kwanza. Waliliita G1. Lori hilo halikuwa zuri. Lazima tuseme kweli. Lilipokuwa linapelekwa Tokyo ili watu walione, liliharibika njiani, mafundi wakalitengeneza usiku. Malori ya kwanza yaliyouzwa nayo yaliharibika mara kwa mara. Ekseli zilivunjika. Magazeti yaliandika na watu walicheka.

Msomaji wa Mtwara hahitaji kuambiwa maana ya gari kuharibika njiani. Wazee wanaikumbuka safari ya Dar es Salaam kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Masika ikifika, barabara iligeuka tope, na abiria walilala porini siku nyingi pamoja na gari lao. Mtu aliyelala hivyo hakuuliza gari lina rangi gani. Aliuliza kama litatoka.

Kiichiro alifanya nini? Hakuwalaumu madereva. Malori yaliyoharibika yalitengenezwa bila malipo. Yeye mwenyewe alikwenda pale gari liliposimama, akaingia chini yake kutazama kilichovunjika. Kisha kipande kile kilibadilishwa katika magari yaliyokuwa yanatengenezwa kiwandani. Ilikuwa ni ile mashine ya baba yake tena: uzi ukikatika, simama, tafuta sababu. Aliona pia kwamba barabara za Japani za wakati ule zilikuwa mbaya, na kwamba wenye malori walizidisha mizigo. Basi akataka malori yawe na nguvu ya kustahimili mambo hayo.

Nadhani hapa ndipo penye siri ya magari haya. Hapa kwetu kusini tuliwahi kuona kinyume chake. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza walileta matrekta kwa ajili ya mpango wa karanga huko Nachingwea na Kongwa. Mitambo ilikuwa mikubwa, lakini haikuchaguliwa kwa ardhi yetu. Mingi iliharibika na mpango ukafa.

Habari nyingine ya Kiichiro husimuliwa sana. Siku moja kiwandani alimkuta mfanyakazi amesimama mbele ya mashine ya kunolea, haifanyi kazi vizuri, naye hajui kwa nini. Kiichiro alikunja mikono ya shati, akaingiza mikono katika mafuta machafu chini ya mashine, akatoa konzi mbili za uchafu wa chuma. Sababu ikaonekana. Alikuwa akiwaambia wahandisi wake kwamba mhandisi asiyenawa mikono mara tatu kwa siku hafai.

Mwaka 1936 walitafuta alama na jina la magari. Watu walialikwa kushindana, wakaleta mapendekezo 27,000. Jina la ukoo ni Toyoda, maana yake shamba la mpunga lenye rutuba. Wakulima wa mpunga wa bonde la Ruvuma watalipenda! Lakini jina lililochaguliwa ni Toyota. Kwa maandishi ya Kijapani huandikwa kwa mistari minane, na nane kwao ni namba ya heri. Mwaka 1937 kampuni ya magari ikaanzishwa peke yake. Mwaka 1938 kiwanda kikubwa kilifunguliwa katika mji wa Koromo. Humo Kiichiro alitaka kila kipande kifike kwa fundi wakati kinapohitajika, si mapema, si kwa kuchelewa. Hakutaka maghala yaliyojaa vyuma visivyotumika.

Vita Kuu ya Pili iliharibu mipango hiyo. Serikali ilitaka malori ya jeshi tu. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa imeshindwa. Miji imeungua na watu hawana chakula.

Sasa tunafika kwenye jambo lililomuumiza Kiichiro kuliko yote. Mwaka 1949 fedha zilipungua nchini mwake. Watu walichukua magari lakini hawakuweza kulipa. Kampuni ikakosa mishahara. Kiichiro hakutaka kumfukuza mtu. Kampuni iliahidi chama cha wafanyakazi kwamba mishahara itapunguzwa kidogo, lakini hakuna atakayeachishwa kazi. Mabenki yalikopesha fedha, lakini yalitaka gharama zipunguzwe. Mwezi Aprili 1950 kampuni ilitangaza kwamba watu 1,600 wanatakiwa kuondoka. Wafanyakazi wakagoma. Walikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu ahadi ilikuwa imevunjwa.

Ugomvi uliendelea kwa muda wa miezi miwili. Kiichiro alikuwa mgonjwa, ana shinikizo la damu. Tarehe 5 Juni, 1950, aliacha ukubwa wa kampuni. Hakuweza kuwaondoa watu wake, kisha yeye abaki kitini. Siku chache baadaye mgomo ukaisha. Waliotakiwa kuondoka wakaondoka.

Tarehe 25 Juni, siku 20 tu baada ya yeye kujiuzulu, vita ilianza Korea. Jeshi la Marekani lilihitaji malori ya karibu. Mwezi Julai liliagiza malori 1,000 kutoka Toyota. Kampuni iliyokuwa inakufa ikapona. Kama fedha zile zingekuja miezi mitatu kabla, watu 1,600 wangebaki kazini, na Kiichiro pamoja nao. Tena, heri hiyo ilitokana na msiba wa watu wengine.

Mwaka 1952 wakubwa wapya wa kampuni walimwomba Kiichiro arudi kuongoza. Alikubali. Lakini tarehe 27 Machi, kabla hajarudi kitini, alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 57. Mwaka 1959 mji wa Koromo ulibadilishwa jina, ukaitwa Toyota.

Magari ya Toyota yaliingia Afrika Mashariki baada ya kifo chake. Hapa kwetu gari la safari ngumu lilikuwa Land Rover ya Waingereza. Toyota ililisogeza kando polepole. Kuna sababu za kawaida. Spea zake hupatikana hata kwenye miji midogo. Fundi wa chini ya mwembe anaijua. Tena Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo gari lililotumika kwao linaletwa hapa na usukani ukiwa mahali pake. Si magari ya ajabu. Nayo huharibika, hasa yakibebeshwa magunia kupita kiasi.

Mwaka 1951, Kiichiro akiwa yuko nyumbani bila cheo, mafundi wa Toyota walilipandisha gari jipya la milimani katika mlima Fuji, mlima mrefu kuliko yote Japani. Lilifika mbali kuliko gari lolote lililowahi kujaribu. Mwaka 1954 gari hilo lilipewa jina Land Cruiser. Kiichiro hakulisikia jina hilo.