Jaramogi na hospitali iliyofunguliwa kwa damu

WAGONJWA wa presha wanaopewa rufaa kutoka Bondo, Siaya na Homa Bay hadi Kisumu hupokewa katika hospitali yenye jina la mwanasiasa aliyeshuhudia damu ikimwagika hapo siku ilipofunguliwa.

Huyo ni hayati Jaramogi Ajuma Oginga Odinga, aliyezaliwa 1911 huko Sakwa, Bondo. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, akarudi Maseno kufundisha, kisha akaingia katika biashara na siasa. Mnamo 1958, alipotamka katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba Jomo Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, ndiye kiongozi halisi wa Waafrika, hata wenzake walishtuka.

Kenyatta alimteua Makamu wa Rais Desemba 1964. Urafiki huo haukudumu. Aprili 1966 Jaramogi alijiuzulu na kuongoza chama cha upinzani cha KPU.

Hospitali ya Kisumu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ndiyo maana wenyeji wakaibandika jina Russia. Kenyatta alifika kuifungua Oktoba 25, 1969, miezi mitatu tu baada ya Tom Mboya kuuawa, na hasira ilikuwa bado mbichi. Viongozi hao wawili walirushiana maneno makali hadharani, umati ukachafuka, na walinzi wakafyatua risasi. Milio iliandamana na msafara hadi njia ya Ahero. Serikali ilitaja vifo 11. Wenyeji hawajawahi kuikubali hesabu hiyo.

Mtu mzima ana lita tano hivi za damu, na moyo wake akiwa ametulia huisukuma yote mara moja kwa dakika. Risasi ikikata ateri, shinikizo hushuka. Mwili huibana mishipa ya ngozi na matumbo ili ubongo na moyo visikose damu, lakini hila hiyo haidumu. Figo huanza kufa, na asipoongezewa damu upesi majeruhi hukata roho. Majeruhi wa siku ile walianguka hatua chache kutoka vitanda vipya.

KPU kilipigwa marufuku, naye Jaramogi akazuiliwa hadi 1971.

Maradhi yanayoijaza Russia siku hizi huja kimyakimya zaidi. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya wahamiaji ilipanda mapema, katika miezi ya kwanza mjini. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo, nao uzito ukaongezeka. Matokeo yalichapishwa 1990.

Jaramogi mwenyewe alikuwa amepita njia hiyohiyo ya kijijini hadi Nairobi mara nyingi. Baada ya kuzuiwa kuwania viti kwa miaka mingi, alirejea uwanjani kupitia FORD 1991, na katika uchaguzi wa urais wa Desemba 1992 akamaliza wa nne, nyuma ya Moi, Matiba na Kibaki.

Alifariki Kisumu Januari 20, 1994, akiwa na umri wa miaka 82, akazikwa Bondo. Hospitali ilipewa jina lake baadaye. Wazee wa Kisumu bado huiita Russia.