Eugen Sandow: Mtu wa Miraba Minne na Misuli Kaidi

Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu mwenye mwili mkubwa uliojengeka huitwa mtu wa miraba minne. Usemi huu una hekima ndani yake. Mraba ni umbo ambalo pande zake zote zinalingana; upande mmoja ukipungua, mraba huwa haupo tena. Ilhali mwili wa binadamu haukui kwa ulinganifu huo. Mtu aweza kufanya mazoezi mwaka mzima, kidari kikapanuka na mikono ikatuna, lakini vigasha na mashavu ya miguu, yaani tafu, yakabaki vilevile kana kwamba hayakushiriki. Misuli ya aina hiyo yaweza kuitwa misuli kaidi. Makala haya yanasimulia maisha ya Eugen Sandow (1867-1925), mwanamume aliyewafunza watu wengi kuupima mwili sehemu kwa sehemu na kuutathmini kwa ulinganifu wake. Aidha, yanaonyesha kwamba njia aliyowauzia watu siyo hasa iliyomjenga yeye mwenyewe.

Kuzaliwa na Ujana

Sandow alizaliwa tarehe 2 Aprili 1867 katika mji wa Königsberg, Prussia, ambao leo unaitwa Kaliningrad na umo nchini Urusi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friedrich Wilhelm Müller. Katika maandishi yake alidai kwamba alikuwa mtoto dhaifu, na kwamba safari ya Italia pamoja na babake, alikoziona sanamu za mashujaa wa kale, ndiyo iliyomtia shauku ya kuwa na mwili kama wao. Wanahistoria wamelitilia shaka simulizi hili. Hata hivyo, lina umuhimu wake. Aliyezaliwa na nguvu hana la kumfunza mnyonge. Aliyekuwa mnyonge kisha akajijenga ndiye anayesikilizwa. Sandow alilitambua hilo mapema.

Alipofikia umri wa kuingia jeshini aliihama nchi yake, akajiunga na wasanii wa sarakasi. Mjini Brussels alikutana na Ludwig Durlacher, aliyejulikana jukwaani kama Profesa Attila. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wake halisi. Attila alimfunza kunyanyua vyuma vizito, tena kwa kuongeza uzito hatua kwa hatua kadiri mwili ulivyozoea. Msomaji na alihifadhi jambo hili akilini, kwani baadaye Sandow mwenyewe hakulisisitiza alipowahubiria wanafunzi wake.

Kutoka London hadi Chicago

Umaarufu wa Sandow ulianza London mwaka 1889. Mnyanyuaji mmoja aliyejiita Sampson alikuwa akitoa changamoto kwa yeyote katika ukumbi wa Royal Aquarium. Sandow alijitokeza, akamshinda msaidizi wake, Cyclops, kisha mwezi Novemba akamshinda Sampson mwenyewe. Jina lake likavuma Uingereza nzima.

Mwaka 1893 alivuka bahari hadi Marekani. Huko alichukuliwa na Florenz Ziegfeld, kijana aliyekuwa na jicho la biashara. Ziegfeld aligundua kwamba watazamaji walivutiwa zaidi na mwili wa mnyanyuaji kuliko vyuma alivyonyanyua. Katika maonyesho ya Chicago, Sandow akaanza kusimama tuli mithili ya sanamu, akikaza msuli mmoja baada ya mwingine. Mwaka uo huo Daktari Dudley Sargent wa Chuo Kikuu cha Harvard alimpima na kumsifu mno. Mwezi Machi 1894 alirekodiwa katika studio ya Thomas Edison, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika filamu. Hapo mwili ulikoma kuwa chombo cha kunyanyulia tu. Ukawa matini ya kusomwa. Na katika matini, kama wajuavyo wahakiki, aya moja dhaifu huonekana.

Vyuma Vyepesi na Futikamba

Aliporejea Uingereza, Sandow aligeuka kutoka msanii wa jukwaani akawa mwalimu na mfanyabiashara. Mwaka 1897 alifungua taasisi ya mazoezi jijini London na kuchapisha kitabu kuhusu namna ya kupata nguvu. Mwaka 1898 alianzisha jarida la mazoezi ya mwili. Mfumo wake ulikuwa na nguzo tatu. Kwanza, mazoezi yaligawanywa kwa kufuata misuli, ili pasiwe na sehemu inayoachwa. Pili, mwanafunzi alitakiwa kuelekeza fikra zake zote kwenye msuli unaofanya kazi. Ndiposa Sandow akabuni chuma cha mkononi kilichopasuliwa sehemu mbili zenye springi katikati, ambacho kilimlazimu mtu kukibana muda wote. Tatu, mwanafunzi alipaswa kujipima kwa futikamba: kidari, mkono, kigasha, paja na tafu, kisha kuandika vipimo hivyo na kuvilinganisha baada ya muda.

Nguzo hii ya tatu ndiyo iliyofichua misuli kaidi. Kabla ya futikamba, mtu alijiona ana nguvu au hana. Baada yake, alijua kwamba mkono umeongezeka inchi moja ilhali tafu halijaongezeka hata nusu. Mtindo huu ulienea kiasi cha kuingia katika fasihi. Katika riwaya ya James Joyce iitwayo Ulysses, iliyochapishwa mwaka 1922, mhusika Leopold Bloom anamiliki kitabu cha mazoezi cha Sandow na orodha ya vipimo vyake kabla na baada ya miezi miwili. Tafu lake linatoka inchi 11 hadi 12, na paja linatoka inchi 10 hadi 12. Msomaji makini atagundua kwamba paja la Bloom lilianza likiwa jembamba kuliko tafu lake! Iwe ni kejeli ya mwandishi au ni kosa, inaonyesha jinsi ndoto ya Sandow ilivyokuwa imeingia katika nyumba za watu wa kawaida wasio na miili ya sanamu.

Mashindano ya Mwaka 1901

Tarehe 14 Septemba 1901 Sandow aliandaa mashindano makubwa ya utunishaji misuli katika ukumbi wa Royal Albert, London. Wanaume 60 walifika fainali. Waamuzi walikuwa mchongaji sanamu Charles Lawes, mwandishi Arthur Conan Doyle aliyembuni Sherlock Holmes, na Sandow mwenyewe.

Vigezo vya uamuzi vilikuwa vimetangazwa mapema: ukuaji wa mwili kwa jumla, ulinganifu wa ukuaji huo, hali ya misuli, afya, na hali ya ngozi. Ukubwa peke yake haukutosha. Mwenye mikono minene na miguu myembamba hakuwa na nafasi mbele ya mwenye mwili wa wastani uliolingana. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham, aliyetuzwa sanamu ya dhahabu yenye umbo la Sandow. Kwa uamuzi huo, kiungo kilichosalia nyuma kilipewa uzito sawa na kiungo kilichotangulia.

Pengo katika Mafunzo Yake

Hata hivyo, kuna pengo lisiloweza kufumbiwa macho. Vyuma alivyovinadi Sandow kwa umma vilikuwa vyepesi, ilhali mwili wake ulikuwa umejengwa kwa vyuma vizito vya Attila. Watu wengi walimtazama, wakanunua vifaa, wakafanya mazoezi kwa uaminifu, kisha misuli yao ikakwama. Si ajabu baadhi yao walidhani kasoro ilikuwa yao.

Sababu ya kukwama huko inaeleweka vyema leo. Msuli hukua unapodaiwa kazi inayozidi ile uliyoizoea, kisha ukapewa chakula na mapumziko. Tafu hubeba mwili mzima kila hatua mtu anayopiga. Mzigo mwepesi si habari mpya kwake. Aidha, maumbile ya kurithi huamua urefu wa msuli na mahali unaposhikana na mfupa, hivi kwamba watu wawili wanaofanya zoezi moja hawapati tafu moja. Wengi pia hupenda kuzoeza sehemu zinazoitika upesi, na zile kaidi huziacha mwisho wakiwa wamechoka. Mwaka 1902, Alan Calvert wa Philadelphia alianza kuuza vyuma ambavyo uzito wake uliweza kuongezwa. Katika miaka ya 1940, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari waliojeruhiwa kwa kuwaongezea uzito hatua kwa hatua, na misuli iliyokuwa imesinyaa ikaamka.

Haki inadai lakini kwamba Sandow asihukumiwe kwa upande mmoja. Tafiti za miaka ya karibuni zimebainisha kwamba hata uzito mwepesi hukuza misuli, mradi zoezi liendelee hadi msuli ukaribie kushindwa kabisa. Kwa hivyo, kosa halikuwa wepesi wa chuma peke yake. Kosa lilikuwa kuahidi matunda bila kutaja jasho lote linalohitajika.

Miaka ya Mwisho

Mwaka 1911 Mfalme George V alimteua Sandow kuwa mwalimu wake wa mazoezi ya mwili. Lakini biashara yake ya kakao ilianguka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1925, akiwa na umri wa miaka 58. Alizikwa katika makaburi ya Putney Vale, na kwa miongo mingi kaburi lake halikuwa na jiwe wala jina. Mtu aliyesimama kama sanamu mbele ya maelfu alilala pasipo alama yoyote. Jiwe liliwekwa mwaka 2002. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 1977 mshindi wa mashindano ya Mr. Olympia amekuwa akitunukiwa sanamu yenye umbo lake.

Hitimisho

Maisha ya Sandow yanaacha mafunzo mawili. Futikamba yake ilimpa mtu wa kawaida ujasiri wa kuutazama upungufu wake bila kuuonea haya na kuuandika kwa tarakimu. Biashara yake nayo inatahadharisha kwamba mwalimu anayeficha njia aliyoipita humwacha mwanafunzi akijilaumu bure. Wahenga walisema kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Methali hii ni ya kweli hata kwa misuli kaidi, ila kamba sharti ilikaze jiwe. Ikipita juu juu, jiwe litabaki vilevile na kamba ndiyo itakayochakaa.